Sponsoni za Boti ya Rimoti: Kuzichora, Kuzichonga na Kuzitega Pembe

Ukitia mota kali ndani ya kiboti chenye tumbo la kawaida utapata kelele, maji ya kuruka na betri ya moto. Mwendo hutaupata. Maji ni mazito, na chombo kinachotaka mbio lazima kitoke ndani yake kibaki kuyagusa kidogo tu. Kwa boti za aina ya riga, kazi ya kukitoa chombo majini ni ya sponsoni: viguu viwili vya mbele, kimoja kila ubavu, vinavyoshikwa na mabomba mawili membamba yaliyokatiza kiwiliwili cha boti. Hapa naeleza viguu hivyo. Mota, redio na betri nitavigusa pale tu vinapokutana na sponsoni.

Kwetu visiwani Zanzibar jambo hili si geni. Litazame tengo, lile guu la ubavuni, la ngalawa iliyovutwa pwani, Mtoni au Kizimkazi. Utaona ni ubao, tena umefungwa kwa mshazari. Chombo kikisimama, tengo lile halibebi kitu cha maana. Kikishika mwendo na kulalia upande mmoja, ubao unakanyaga maji na maji yanausukuma juu. Sponsoni ndiyo hiyo hiyo. Kazi yake kubwa ni kukanyaga, kuelea ni ziada. Nimeona wenzangu wakichonga sponsoni nene kama magunia kwa kuogopa boti isizame, halafu wanashangaa mbona inaruka kama chura.

Tofauti iko moja. Ngalawa hubaki imekaa juu ya mtumbwi wake, matengo yakisaidia. Riga ikishika mbio, kiwiliwili chote kiko hewani. Kinachogusa maji ni ukingo wa nyuma wa kila sponsoni na nusu ya chini ya propela. Pointi tatu, basi. Mpango wa sponsoni mbili za mbele ulitokea kwenye boti kubwa za mashindano huko Marekani miaka ya 1930, katika karakana ya Ventnor ya familia ya Apel, New Jersey. Mwaka 1950 boti iitwayo Slo-mo-shun IV iliutumia kwenda maili 160.323 kwa saa, yaani km 258, katika Lake Washington karibu na Seattle, propela yake ikiwa nusu juu ya maji. Viboti vyetu vya rimoti ni wajukuu wa boti ile.

Nitatumia maneno mawili tangu sasa: wayo ni uso wa chini wa sponsoni unaokanyaga maji, na kisigino ni ukingo wake wa nyuma.

1. Anza na mizani ya jikoni

Boti ya mfano wetu ina urefu wa sm 65, mota isiyo na brashi, betri ya lipo ya seli 4 (volti 14.8) na propela ya kipenyo cha mm 40. Uzito wake na betri ndani ni kilo 1.5. Pima kila kitu kabla hujakata ubao. Usikisie, maana uzito ndio unaoamua ukubwa wa wayo.

Nguvu ya maji ya kunyanyua sponsoni hutegemea eneo la wayo lililolowa, pembe ya wayo, na mwendo. Mwendo hesabu yake ni ya mraba: ukiuzidisha mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Tuipige kwa haraka. Boti ikienda km 60 kwa saa kwenye maji ya bahari, wayo ukiwa na pembe ya digrii 3, kila sentimita mraba iliyolowa hubeba karibu gramu 70. Sponsoni mbili zinabeba kama kilo 1.3, kinachobaki kinabebwa na propela. Gawanya: unahitaji sentimita mraba 18 au 19 kwa zote mbili. Kama wayo una upana wa sm 4, kinacholowa ni kipande cha sm 2 na kidogo pale kisiginoni. Hicho tu ndicho kinachobeba boti nzima upande ule.

Sasa rudisha mwendo kwenye km 30 kwa saa. Kila sentimita mraba inabeba robo ya ile ya mwanzo, na wayo unahitaji kulowa sm 9 kwa urefu ili ubebe uzito ule ule. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini sponsoni inakuwa ndefu. Urefu ni wa kuondokea, kisigino ni cha kukimbilia.

Kwa boti yetu basi: wayo wa upana wa sm 4, urefu wa sponsoni sm 20 pamoja na pua. Ukiupanua wayo kufika sm 6 boti itaondoka upesi, lakini kila kijiwimbi kitaipiga teke. Ukiufanya sm 2.5 itateleza vizuri kwenye kasi, ila kuondoka itajikokota na betri itaungua kwa kazi hiyo. Kutoka ubavu wa nje wa sponsoni moja hadi ya pili weka kama sm 32, karibu nusu ya urefu wa boti.

2. Uzito ukae wapi

Kutoka visigino hadi propela iwe sm 40. Boti ikiwa kamili, ining'inize kwa vidole viwili utafute pale inaposawazika. Pawe sm 4 hadi 6 nyuma ya mstari wa visigino. Ikiwa sm 4, propela inabeba asilimia 10 ya uzito. Ikiwa sm 6, asilimia 15. Acha nafasi ya betri kusogea sm 3 mbele na sm 3 nyuma, kwa sababu utaisogeza.

3. Chora kwa ukubwa wake

Chukua karatasi, chora sponsoni kwa ubavu kwa kipimo halisi. Kuanzia kisigino, sm 12 za wayo ziwe zimenyooka kabisa. Sm 8 zilizobaki zipinde kupanda juu hadi puani. Zile 12 ndizo zenye thamani. Wayo ukiwa umebonyea kidogo karibu na kisigino, boti itainamisha omo, yaani mbele yake, na kuchimba maji. Ukiwa umetuna, maji yataunyonya na boti itaanza kudunda. Weka rula juu yake, ielekeze dirishani. Ukiona mwanga wowote kati ya rula na wayo, rudi kwenye msasa.

Kisigino kiwe kikali. Katika mambo yote ya umbo, hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana mimi mwenyewe nililiharibu. Sponsoni zangu za pili nilizipiga msasa zikawa laini kama sabuni iliyotumika, kila pembe imeviringwa, nzuri kutazama. Majini boti ilikuwa kama imeshikwa mkia. Ukitaka kujua sababu, nenda bombani, fungulia maji kidogo, shika kijiko kwa ncha ya mpini kininginie, kisha mgongo wake uguse maji. Kijiko hakitasukumwa nje. Kitavutwa ndani. Maji hufuata kitu cha mviringo na kukivuta yanapokifuata. Kisigino cha mviringo hufanya hivyo kwa boti yako, mita 16 kila sekunde. Kikiwa kikali kama ukingo wa rula ya chuma, maji yanaachia palepale.

Ubavu wa ndani wa sponsoni uwe wima. Ubavu wa nje uukate mshazari wa kama digrii 45 kutoka kwenye wayo kupanda juu. Boti ikikata kona, sponsoni ya nje huteleza kimbavumbavu, na ukuta wima hujikwaa kwenye maji, boti ikapinduka. Ule mshazari huruhusu maji kupita chini yake. Uso wa juu uache bapa. Wapo wanaoutunisha kama bawa la ndege kwa sababu unapendeza, na bawa hufanya kazi ya bawa.

4. Kuchonga

Ndani tumia povu gumu, nje plaiwudi nyembamba ya mm 1.5 kwa wayo na ubavu. Povu la rangi lenye chembe zilizobanana, la kuzuia joto majumbani, ndilo bora. Ukilikosa, lile jeupe la maboksi ya samaki linafaa ukilikata kwa kisu kikali na kuwa na subira.

Gundi iwe epoksi. Mafundi wa boti za faiba wengi hutumia raisini ya poliesta, na mimi nilikwenda kwa mmoja akanimiminia kwenye kopo la maziwa bila hata kunitoza. Nikapaka magharibi. Kabla ya isha povu lilikuwa limeshaingia ndani kwa ndani, limebaki ganda la raisini lenye shimo, mfano wa dafu lililokwisha kunywewa. Fundi hakuwa na kosa, hakuniuliza ninapaka nini. Poliesta ina staireni ndani yake, na staireni hula povu la aina hiyo. Epoksi hailiguzi.

Kata kiolezo kimoja cha plaiwudi na utumie hicho hicho kwa sponsoni zote mbili. Zifunge pamoja kwa utepe na uzipige msasa kama kitu kimoja mpaka nyayo zote ziwe sawa. Zikishakuwa pacha ndipo uzifungue ukate mishazari ya nje, na hapo simama kwanza, ziweke mezani kama zitakavyokaa kwenye boti, andika KUSHOTO na KULIA kwa kalamu. Najua utacheka, lakini sponsoni mbili za kulia ni kitu kinachotokea.

Kisiginoni gundisha kipande cha faiba ngumu cha mm 1, kimalizie ukali wake kwa tupa. Plaiwudi tupu haishiki ukali, inachakaa kwenye mchanga siku ya kwanza. Matundu yote ya skrubu yapake epoksi kwa ndani, vinginevyo povu litakunywa maji ya bahari. Mwisho pima: sponsoni mbili zisipishane zaidi ya gramu 2.

Usizigundishe kwenye mabomba. Zifunge kwa skrubu. Sababu inakuja.

5. Pembe

Hapa ndipo boti inapozaliwa au kufa, na ndipo watu wanapotumia dakika tano baada ya kuchonga wiki mbili.

Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kiweke juu ya meza. Kata vibao viwili vya unene sawa kabisa, tuseme mm 30. Visigino vikae juu ya vibao hivyo, kisha egemeza tezi, yaani nyuma ya boti, mpaka katikati ya propela iwe juu ya kioo kwa mm 30 hizo hizo. Umeiweka boti kama itakavyokaa ikikimbia: uso wa vibao ndio uso wa maji, visigino vinagusa, propela nusu chini nusu juu. Pembe yoyote utakayopima nje ya mkao huu haikuambii kitu.

Sasa pima kutoka kisigino kwenda mbele sm 10. Hapo wayo uko juu ya usawa wa maji kwa kiasi gani? Mm 3.5 ni digrii 2. Mm 5.2 ni digrii 3. Mm 7 ni digrii 4. Anza na 3. Ipo programu ya simu ya kupima mlalo na naitumia, lakini simu ni nzito, ukiiweka juu ya sponsoni inainamisha kile unachokipima. Rula na kioo havina tabia hiyo.

Bomba la nyuma lifanye bawaba: sponsoni izunguke hapo. Tundu la bomba la mbele lirefushe kwa tupa liwe kama jicho, ili uweze kupandisha na kushusha, kisha ukaze skrubu. Mabomba yakiwa yameachana sm 10, kila milimita 1 unayosogeza mbele ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Hii ndiyo sababu ya kutogundisha. Boti yoyote utakayoijenga itataka pembe yake, na hutaijua mpaka uende majini.

Nilikuwa Mtoni asubuhi moja nikilaumu redio. Boti ilikuwa haiendi sawa, inavuta upande mmoja, nikinyoosha inadunda. Chini ya mti wa mkungu alikuwa amekaa mzee mmoja, fundi wa ngalawa, sote pale humwita Ami.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe hichi kidude."

Akakishika kwa tezi, akakiinua usawa wa uso, akafumba jicho moja. Hakugusa rimoti.

"Tengo lako la kulia limelala. La kushoto limesimama. Utakwendaje?"

"Ami, ni milimita moja na nusu hiyo."

"Na chombo chenyewe kikubwa gani?"

Nilirudi nyumbani nikapima juu ya kioo. Kushoto 3, kulia 2 na kidogo. Tangu siku ile kabla ya kwenda pwani nami hufumba jicho moja.

Basi anza na pembe sawa pande zote mbili. Baadaye utagundua kwamba propela inayozunguka mwelekeo wa saa, ukiitazama kwa nyuma, inajaribu kuilaza boti kushoto, na sponsoni ya kushoto inabeba zaidi ya mwenzake. Hapo unaweza kuiongeza ya kushoto nusu digrii. Usiongeze kabla hujaona kwa macho.

Boti ingali juu ya vibao, tazama tumbo la kiwiliwili. Liwe mlalo kabisa au omo ishuke kidogo sana, lisielekee juu hata kwa nywele. Tarehe 4 Januari 1967 Donald Campbell alikuwa Coniston Water, Uingereza, na boti yake ya jeti Bluebird K7, nayo ya pointi tatu, akijaribu kuvuka maili 300 kwa saa. Omo ilinyanyuka, hewa ikaingia chini, boti ikajipindua kinyumenyume, akafa. Kiboti chako cha kilo moja na nusu kinaugua ugonjwa huo huo kwenye km 60, ila kwako gharama ni mabomba ya kaboni.

6. Pezi la kona

Mashindano ya boti za rimoti huzunguka mwelekeo wa saa, kona zote ni za kulia. Kwa hiyo pezi, kipande cha alumini cha mm 1.5 kinachoshuka majini kama sm 5, hufungwa nyuma ya sponsoni ya kulia. Bila hilo, ukikata kona tezi inateleza na boti inazunguka kama pia. Ukingo wa mbele uwe mkali, pezi liwe wima, na liangalie mbele moja kwa moja. Ukilipinda hata kidogo litavuta boti kwenye njia iliyonyooka. Ukizoea kukata kona za kushoto, hamishia huko.

7. Majini

Nenda alfajiri, umande, ule upepo wa nchi kavu, ukivuma, kabla ya upepo wa mchana. Maji mafu ni bora kuliko bamvu: siku za bamvu bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na pale ulipoanza na maji ya kiuno saa moja, saa nne ni mchanga na mawe. Ndani ya mwamba upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakijaa yanatulia kama birika, ila yatazame mashamba ya mwani. Kamba zile na vigingi ni riziki ya kina mama, na propela haichagui. Pemba, hori la Chake Chake linakingwa na mikoko pande zote. Forodhani usiende. Vijana wa makachu wanaruka majini pale, na mota ya kv 2000 (mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti) kwa volti 14.8 inaweza kuzunguka karibu mara 29,600 kwa dakika. Kidole hakiungwi. Betri iunganishe mwisho kabisa, boti imeshikwa na mtu wa pili, mikono mbali na tezi.

Mbio za kwanza ziwe za nusu mwendo. Simama ubavuni mwa njia ya boti, kwani ukiwa nyuma yake huoni kitu, na umwombe mwenzako apige video. Halafu tazama.

Sponsoni zikidunda kwa zamu, kushoto kulia kushoto, pembe ni kubwa: punguza nusu digrii. Zikidunda pamoja, omo ikipanda na kushuka, kwanza sogeza betri mbele sm 1, ndipo uguse pembe. Omo ikilowa na boti ikawa nzito, sponsoni zimelala kama ile ya kulia aliyoiona Ami: ongeza pembe au rudisha betri nyuma. Ikikimbia vizuri lakini kwenye kasi ya mwisho omo inakuwa nyepesi, inaelea kama karatasi, acha kubonyeza mara moja. Betri mbele, au shusha kishikio cha shafti ya propela milimita 1; ukikishusha tezi inapanda na pembe yote ya mbele inapungua. Tezi ikidunda peke yake, fanya kinyume, kipandishe. Kwenye kona, ikijikwaa kwa sponsoni ya nje, uangalie mshazari wa ubavu wa nje, pengine hukuukata vya kutosha.

Badilisha kitu kimoja, kimbiza, tazama. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilichosaidia, na asubuhi ya umande haina saa nyingi.

Ukimaliza, osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua skrubu za sponsoni, kausha mabomba kwa ndani. Chumvi ikiganda kwenye lile tundu la mbele, skrubu inajilegeza yenyewe na pembe inahama bila kukuaga. Juu ya kifuniko cha boti yangu nimeandika kwa kalamu nene: kushoto 3.5, kulia 3. Siku za kusi bahari ikiwa na vijiwimbi, nafuta 3.5, naandika 3.